Tukisema "Anyongwe", Tunaomba Nini?

Hotuba hii niliitoa hapa Mwanza katika Siku ya Kimataifa ya Kupinga Adhabu ya Kifo, 10 Oktoba. Mvua ya siku ile iliwazuia wengi kufika, na baadhi yao wameniomba niiandike yote. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Viongozi wetu wa dini, mawakili wenzangu, mama zangu, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Kabla sijasema lolote naomba tufanye jambo moja. Nina swali, na nataka jibu la moyoni, si la kunifurahisha mimi. Mtu akiua kwa kukusudia, anyongwe? Anayesema anyongwe anyooshe mkono. Usimwangalie jirani yako. Nyoosha.

Asanteni, teremsheni. Kwa kukadiria kwa macho ni zaidi ya nusu ya ukumbi, na huu ni ukumbi wa watu waliotoka majumbani mwao na mvua hii kuja kusikiliza hotuba ya kupinga kunyonga. Sishangai, wala simlaumu mtu. Nimekuwa wakili kwa miaka 27, na kesi nyingi nilizobeba ni za mauaji, zile ambazo Mahakama inampangia mshtakiwa wakili kwa sababu ndugu zake hawana hata nauli ya kuja kumsikiliza. Neno hilo, anyongwe, nimelisikia kwenye viwanja vya mahakama. Nimelisikia kwenye daladala. Nimelisikia msibani, usiku, watu wamekaa kwenye mikeka. Na nimelisikia kwa watu wema kabisa, watu ambao wangekugawia chakula chao cha mwisho.

Sasa naomba mnisikilize tena. Kijana ana miaka 19. Anaendesha bodaboda ya mtu, na kila jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri. Siku hiyo hesabu haijatimia. Saa nne usiku wanakuja wanaume wawili, wanamwambia: tupeleke mahali, utusubiri, utarudi na sisi, tutakupa elfu thelathini. Moyoni anajua si watu wazuri. Anajua wanakwenda kuiba. Anawapeleka, anazima taa, anasubiri. Ndani ya duka inatokea purukushani, mwenye duka anakatwa panga, anakufa. Wale wawili wanatoka mbio, anawapakia, wanatokomea. Wiki moja baadaye anakamatwa yeye peke yake, kwa sababu kuna mtu aliiona namba ya pikipiki. Wale wawili hadi leo hawajulikani walipo.

Anyongwe? Nyoosheni mikono.

Nimehesabu tisa. Tisa tu, kutoka zaidi ya nusu ya ukumbi. Ninyi wengine mmeenda wapi? Ni watu walewale, mmekaa kwenye viti vilevile, hazijapita dakika tatu. Kilichobadilika ni kimoja: mmemwona mtu. Mmeiona pikipiki, mmeiona hesabu ambayo haijatimia, mmeona taa imezimwa. Mkaanza kupima. Huyu ana kosa, ndiyo, na aadhibiwe, lakini kamba?

Ndugu zangu, hilo mlilolifanya sasa hivi, la kupima, ndilo ambalo sheria yetu inamkataza Jaji kulifanya.

Kesi hiyo nimeiunga kutokana na kesi kadhaa ili nisimwanike mtu, lakini sheria yake ni ya kweli. Mkienda pamoja kutenda uhalifu, na katika uhalifu huo akafa mtu, na kifo hicho kilitarajiwa kutokea, wote mna hatia ya mauaji, aliyeshika panga na aliyeshika usukani. Tunaiita nia ya pamoja. Na ukishatiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, kile kifungu cha Kanuni ya Adhabu ambacho sisi mawakili tumezoea kukiita 197 kina adhabu moja tu. Haina kima cha juu wala kima cha chini. Ni moja.

Niwaambie inavyokuwa mle ndani. Hatia imeshasomwa. Jaji ananigeukia, ananiuliza kama nina la kusema kabla ya adhabu. Ninasimama. Ninasema mteja wangu ni kijana, hili ni kosa lake la kwanza, amekaa mahabusu miaka sita akisubiri kesi, mama yake ni mgonjwa. Na Jaji anaandika. Anaandika kila neno kwa mkono wake, taratibu, kama vile maneno yale yana kazi ya kufanya. Kisha anaweka kalamu chini na kusema kwamba ameyasikia yote, ila mikono yake imefungwa na sheria. Kisha anasema: utanyongwa hadi kufa. Nimeshawaona majaji wawili wakitoka baada ya maneno hayo bila kumtazama mtu yeyote usoni.

Jaji amesoma miaka yote hiyo ili apime. Mwizi wa kuku anapimiwa. Aliyekwapua mamilioni ya halmashauri anapimiwa. Lakini pale ambapo uhai wa mtu uko mezani, pale ambapo kipimo kinahitajika kuliko mahali pengine popote, pale ndipo tumemnyang'anya Jaji mizani.

Majirani zetu walishaliona hili. Uganda, Januari 2009, Mahakama ya Juu katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400 ilisema adhabu ya kifo ya lazima ni kinyume cha Katiba, na kwamba mtu aliyekaa miaka mitatu bila kunyongwa tangu rufaa yake kwisha, adhabu yake igeuke kifungo cha maisha. Kigula mwenyewe alikuwa amehukumiwa kifo. Alisomea sheria akiwa gerezani, akatoka mwaka 2016. Kenya, Desemba 2017, Mahakama ya Juu ikasema hivyohivyo kuhusu kosa la mauaji, katika kesi ya Muruatetu. Malawi walitangulia wote, mwaka 2007.

Na sisi? Sisi tulikuwa na Jaji Mwalusanya. Vijana mnaosomea sheria, kitafuteni kitabu cha maamuzi mumsome. Mwaka 1994, akiwa Mahakama Kuu Dodoma, katika kesi ya Mbushuu, alisema adhabu hii ni ya kikatili, inamdhalilisha binadamu, na inavunja Katiba. Jamhuri ikakata rufaa. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi ambao nimeusoma mara nyingi mno, kwa sababu una mambo mawili yanayokaa kwa shida chumba kimoja. Majaji walikubali kwamba ndiyo, kunyonga ni ukatili, na ndiyo, kunadhalilisha. Ila wakasema Katiba inaruhusu sheria ya namna hiyo kwa maslahi ya umma, na kwamba kuamua kama jamii inaihitaji ni kazi ya jamii yenyewe, si ya Mahakama.

Kazi ya jamii. Jamii ni nani? Ni wewe na mimi. Kwa hiyo mpira uko kwetu tangu mwaka 1995. Tumeufanyia nini?

Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapahapa kwetu, Arusha, ilitoa hukumu katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake. Ilisema kumnyima Jaji uamuzi ni kuvunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kwa kamba ni kuvunja utu. Ikatupa mwaka mmoja kuondoa ulazima huo kwenye sheria. Mwezi huohuo wa Novemba, serikali yetu ikatoa taarifa ya kujiondoa kwenye tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mwaka ule mmoja ulipita. Ikapita mingine. Kifungu kipo palepale.

Kila tukiuliza kwa nini kifungu kipo palepale, jibu ni moja: wananchi wanaitaka.

Ni kweli wananchi wanaitaka? Leo mmenijibu mara mbili, na majibu yenu hayafanani. Kenya walifanya utafiti ukatolewa mwaka 2022, wakauliza wananchi swali la jumla kama langu la kwanza. Asilimia 51 walisema ibaki. Hamsini na moja, katika nchi yenye ujambazi, yenye Al-Shabaab, yenye kumbukumbu ya mashambulizi ya Westgate na Garissa. Hilo si taifa linaloililia kamba. Ni taifa lililogawanyika katikati.

Lakini tuseme ni asilimia 80. Wazee wangu mnaikumbuka Tume ya Nyalali. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka nchi nzima kuuliza: chama kimoja au vingi? Asilimia kama 80 wakasema chama kimoja kiendelee. Asilimia kama 20 tu wakasema viwe vingi. Tume ikapendekeza nini? Ikapendekeza vyama vingi. Mwalimu alikuwa hai, naye alikuwa ameshawaambia Watanzania kwamba kujadili vyama vingi si uhaini. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Walitambua kwamba haki ya wale 20 haifutwi na wingi wa wale 80. Nchi hii, nchi hiihii yetu, iliwahi kufanya jambo kubwa namna hiyo bila kusubiri wengi. Leo kwa uhai wa mtu ndiyo tunajificha nyuma ya wengi?

Hata Waingereza waliotuachia sheria hii hawakusubiri. Kanuni yetu ya Adhabu ni ya mwaka 1930, ya serikali ya kikoloni. Wao kwao walisimamisha kunyonga kwa kosa la mauaji mwaka 1965, wakafuta kabisa mwaka 1969, na wakati huo wananchi wao wengi walikuwa bado wanaitaka. Wao wameiacha. Sisi tumebaki tunaitunza.

Na kabla ya Waingereza? Aliyewahi kufika Kilwa Kivinje atakuwa ameonyeshwa Mwembe Kinyonga. Mwembe, mti wa matunda, umepewa jina kwa kazi ambayo Wajerumani waliupa. Old Moshi, Machi 1900, alinyongwa Mangi Meli, mtawala wa Moshi, na uzao wake hadi leo unatafuta kichwa chake kilikopelekwa. Songea, 27 Februari 1906, walinyongwa wazee wa Maji Maji 67. Kila mwaka tarehe hiyo tunakwenda pale, tunaweka mashada, tunawaita mashujaa. Na waliowanyonga walikuwa na sheria mkononi, walikuwa na mashahidi, na waliandika kwenye vitabu vyao kwamba wamenyonga wauaji.

Sitaki mtu atoke hapa akisema nimedai kwamba babu zetu hawakuua. Waliua. Waliwaua waliotuhumiwa uchawi, na jambo hilo halijaisha, vikongwe wa macho mekundu wa Usukuma huku kwetu wanalijua. Lakini kamba ya serikali, yenye saa, yenye daktari amesimama pembeni na karatasi ya kusaini, hiyo tuliletewa. Na waliotuletea walianza kwa kuijaribu kwetu sisi.

Sasa niwapeleke Uganda. Naomba hapa mnivumilie, maana hii ndiyo hadithi inayonikosesha usingizi.

Alikuwepo mtu anaitwa Edward Mpagi. Mwaka 1981 alikamatwa pamoja na ndugu yake. Mwaka 1982 wote wawili wakahukumiwa kifo kwa ujambazi wa kutumia silaha, na ikadaiwa kwamba mtu waliyemvamia wamemuua. Mashahidi walisimama, wakaapa, wakasema. Hukumu ikaandikwa vizuri, ikapigwa muhuri.

Mtu aliyeuawa alikuwa hai.

Ninarudia, maana nami niliposoma mara ya kwanza nilirudi mstari wa juu. Mtu waliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua alikuwa hai, anakula, analala, anatembea, na watu wa kijijini walikuwa wanajua kwamba yu hai. Ilikuwa kesi ya visasi vya kifamilia. Ndugu yake Mpagi alifia gerezani kwa malaria mwaka 1985. Mpagi mwenyewe alikaa gereza la Luzira, katika sehemu ya waliohukumiwa kifo, zaidi ya miaka 18. Aprili 1999, akiwa humohumo, walinyongwa watu 28. Hebu fikirini kusikiliza hilo kutoka kwenye chumba chako, wewe uliyemuua mtu anayekula ugali wake kijijini. Alitoka mwaka 2000. Na alitoka kwa nini? Kwa sababu katika miaka ile yote 18, kwa bahati tu, zamu yake haikufika.

Wangapi zamu yao ilifika? Aliyenyongwa hana rufaa, hana wakili, hana mtu wa kwenda kijijini kuuliza. Mfungwa ukikosea unamfungulia mlango, unamwomba radhi, unamlipa japo kidogo. Kwa aliyenyongwa unafungua nini?

Na msiseme hiyo ni Uganda ya zamani. Mimi ni wakili wa hapa. Ninajua mtu anavyotambuliwa gizani kwa mwanga wa kibatari. Ninajua maelezo ya onyo, yale ya polisi, yanavyoandikwa na mshtakiwa asiyejua kusoma anavyowekewa dole gumba. Ninajua wakili anavyokutana na mteja wake kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi, kwenye korido, dakika 20. Mimi nimekuwa wakili huyo. Nilikuwa kijana, nimepewa faili jana yake jioni. Ninalisema hili kwa sababu watu wanaposema "Mahakama imethibitisha", mjue na mimi nilikuwa sehemu ya kuthibitisha kwenyewe.

Nije kwenye hasira, maana wenye hasira mpo hapa na mna haki ya kusikilizwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilipita mtaa mmoja asubuhi, nimechelewa, watu wameshatawanyika. Katikati ya njia kulikuwa na doa jeusi, na waya za tairi zimejikunja kama nywele. Pembeni kandambili moja ya bluu, nzima, safi, imetazama juu. Kijana wa kuku wawili, walisema. Redio ikatangaza kama kawaida: ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Nikamuuliza mzee mmoja, fundi baiskeli, mtu wa swala tano: baba, kwa nini hamkumpeleka kituoni? Akasema, "Mwanangu, tukimpeleka asubuhi, jioni tunakutana naye hapa, anatucheka."

Nimelifikiri jibu hilo miaka yote hii. Mzee yule hakusema adhabu ni ndogo. Hakusema sheria haina ukali. Alisema sheria haifiki. Alisema akipeleka shauri lake linapotea njiani. Nami ninaamini ukikichimba kila "anyongwe" mtaani, chini utakuta sauti ya fundi baiskeli: haki haifiki kwetu, basi angalau iwe kali. Je, kamba itaifikisha? Kamba itamfundisha mpelelezi kuja eneo la tukio mapema? Itazuia faili lisipotee?

Hapa Kanda ya Ziwa tuna kidonda chetu, ndugu zetu wenye ualbino wanaouawa kwa ajili ya viungo vyao. Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alilia bungeni, machozi ya kweli, baada ya kusema wauaji wao nao wauawe na watu kumjia juu. Nilimwelewa. Mwaka huohuo, Septemba, Kahama, Mahakama Kuu iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Nchi nzima ilisikia. Je, panga lilirudi alani? Mwaka 2015 tulikuwa tunazika tena watoto. Mwaka 2024, Muleba, mtoto ambaye hata miaka mitatu hakuifikisha alinyakuliwa mikononi mwa mama yake. Adhabu ilikuwepo. Ilikuwepo siku zote. Aliyemchukua mtoto yule hakuwa akiiwaza kamba, alikuwa akiiwaza fedha na kuwaza kwamba hatakamatwa. Na tukiangalia kizimbani tunaona wenye panga. Tajiri aliyeagiza tunamwona mara chache mno.

Tangu mwaka 1994 nchi hii haijamnyonga mtu. Marais wanne wamepita bila kunyonga. Septemba 2017 Rais Magufuli, mtu aliyejulikana kwa ukali wake, alisema hadharani Ikulu, siku ya kumwapisha Jaji Mkuu, kwamba asipelekewe majina ya watu wa kunyongwa, anaujua ugumu wake. Kama mtu yule aliona mkono wake mzito, sisi tunaotamka "anyongwe" kwenye daladala tumeuona wepesi wapi? Na kwa sababu hakuna anayenyongwa wala sheria haibadilishwi, kuna mamia ya watu leo, kwenye magereza ya Isanga, Ukonga, Butimba hapa kwetu, ambao kila wakisikia funguo saa ambayo si ya kawaida wanaacha kupumua.

Masheikh na mapadre mtaniwia radhi nikigusa eneo lenu kidogo. Waumini wengi huniambia kamba ni amri ya Mungu. Waislamu mnaisoma Surat al-Baqara, aya ya 178. Kisasi kimo, ndiyo. Lakini aya ileile inafungua mlango wa msamaha na fidia kwa familia ya marehemu, na inauita mlango huo tahafifu, yaani nafuu, na rehema kutoka kwa Mola. Sheria yetu ya Tanzania imechukua kisasi ikaacha mlango. Baba wa marehemu hata akisimama mahakamani akasema nimesamehe, haisaidii kitu. Hakuna anayemuuliza. Na Wakatoliki mnajua kwamba Agosti 2018 Papa Fransisko alibadilisha Katekisimu, sasa inasema adhabu ya kifo haikubaliki. Mengine nawaachia wenyewe.

Kama kuna watu duniani ambao wangeweza kudai kunyonga na sote tukanyamaza, ni Wanyarwanda. Novemba 1994 Umoja wa Mataifa ulipounda mahakama ya kushughulikia mauaji ya kimbari, ile iliyokuja kukaa Arusha, Rwanda ilipiga kura ya kupinga, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba mahakama hiyo haitakuwa na adhabu ya kifo. Nani angewalaumu? Aprili 1998 waliwapiga risasi watu 22 hadharani, umati ukitazama. Halafu mwaka 2007 wakaifuta. Sababu mojawapo ilikuwa ya vitendo kabisa: nchi nyingine na mahakama ya Arusha hazikuwa tayari kuwarudisha watuhumiwa mahali wanapoweza kuuawa. Rwanda ikalazimika kuchagua. Inataka kamba, au inataka watuhumiwa waje wasimame mbele ya watu wao na kujibu? Wakachagua majibu. Burundi wakafuata mwaka 2009, Zambia 2022, Zimbabwe Desemba 2024, sheria ikasainiwa na Rais Mnangagwa, ambaye mwenyewe enzi za Rhodesia aliponea chupuchupu kamba kwa hoja ya umri wake. Ndugu zetu wa Kongo, kwa masikitiko, mwaka 2024 walitangaza kurudi nyuma, na mimi ninaomba wasiifuate njia hiyo hadi mwisho.

Ninaomba nini kwenu? Jambo dogo. Mbunge wako akija kwenye mkutano wa hadhara, mwulize: yale maneno mawili matatu kwenye kile kifungu, yanayomfunga Jaji mikono, unayaondoa lini? Mimi ningependa adhabu yenyewe iondoke, silifichi hilo. Lakini hata ninyi wale tisa, hata ninyi, hamtaki yule kijana wa bodaboda apimwe sawa na tajiri aliyeagiza kiungo cha mtoto. Basi tuanzie hapo.

Nimalizie na mama mmoja. Sitamtaja, wala sitataja mahakama.

Mimi nilikuwa upande wa pili, nikimtetea aliyeshtakiwa kumuua mwanawe. Miaka saba kesi ilikwenda, na kila ilipotajwa alikuja, kwa lori la mkaa au kwa miguu, anakaa benchi lilelile. Siku ya hukumu mteja wangu akaambiwa atanyongwa hadi kufa. Watu wakashangilia nje. Yeye hakushangilia. Nilimkuta kwenye korido ameshika mfuko wa plastiki mtupu, ameukunja vizuri. Nikamsalimia, nikadhani atanitukana, ningestahili. Akaniuliza, "Baba, sasa kesi imekwisha. Shati la mwanangu watanipa leo?"

Shati lilikuwa kielelezo. Lilikuwa kwenye bahasha ya kaki, na karani ameandika juu yake P3. Nikamweleza kwamba kuna rufaa, kwamba vielelezo vinakaa hadi rufaa iishe, kwamba inaweza kuchukua muda. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemweleza lolote. Wa serikali hakumweleza, wala wa ustawi wa jamii. Akasikiliza yote, akasema asante. Akauliza muda gani. Nikasema sijui.

Alirudi mwaka uliofuata, na mfuko wake. Akarudi tena mwaka wa baada yake. Karani akawa anamfahamu kwa jina. Sasa ni miaka minne sijamwona. Mteja wangu bado yuko gerezani, hajanyongwa. Mwezi uliopita nilipita masijala, nikaomba kuangalia. Bahasha ipo. P3.